Hakuna Shida: Miaka Mitano na Nusu Kwenye Kochi

Mwezi wa nne nilimwuliza mtaalamu wangu, "Sasa tiba yenyewe tunaanza lini?"

Niliuliza kwa heshima, na nilimaanisha. Nilikuwa nakwenda kwake mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi, dakika 50 kila mara, na kwa hesabu yangu hakuna kilichokuwa kimefanyika. Hakuwa amenipa zoezi la kufanya nyumbani. Hakuwa ameniambia nina ugonjwa gani. Hakunishauri niache kazi wala nibaki. Nilikuwa naongea, naye anasikiliza, na mara mojamoja anasema sentensi moja fupi ambayo naondoka nayo nikiigeuzageuza njia nzima.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ulikuwa unangoja kianze nini?"

Nilikasirika. Lakini sikusema kwamba nimekasirika. Nilisema, "Hakuna shida, nilikuwa nauliza tu."

Nimeanzia hapo kwa sababu maneno hayo mawili, hakuna shida, ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wangu, na ilinichukua karibu miaka mitatu kuyasikia yakitoka kinywani mwangu mwenyewe. Wapo wanaoniuliza tiba hii ndefu ya mazungumzo, saikoanalisia, ikoje, na mara nyingi wanauliza wakiwa wamesimama, wanataka jibu la dakika moja. Hapa nina nafasi ya kujibu kwa utulivu.

Kilichonipeleka hakikuwa msiba. Nilikuwa silali. Kwa miaka miwili nilikuwa naamka saa tisa usiku kifua kimebana, nikiwaza kazi, nikiwaza neno nililoambiwa na mtu mwaka juzi. Mahusiano yangu matatu yalikuwa yamekufa kifo kilekile: mwenzangu ananiambia, "Sijui hata kama uko hapa," nami nashangaa, maana sikuwa nimemkosea wala kumnyima kitu. Nilishapata ushauri nasaha wa vipindi 12 hapo nyuma, na siwezi kuubeza. Nilijifunza kupumua vizuri, kupanga usingizi, kuyapima mawazo yangu kabla ya kuyaamini. Kwa watu wengi hiyo inatosha kabisa. Kwangu ilikaa miezi minane, kisha nikarudi nilikokuwa. Yule mshauri ndiye aliyeniambia kwamba huenda tatizo langu haliko kwenye mawazo ya usiku bali kwenye namna ninavyoishi na watu, na kwamba kitu cha aina hiyo hakichimbuliwi kwa vipindi 12. Akanielekeza kwa mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi, tiba ambayo wengi huiita saikoanalisia.

Hatukuanza papo hapo. Tulikutana mara nne kwanza, kila mmoja akimpima mwenzake. Aliniuliza kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ya utotoni, aliniuliza ndoto ninayoikumbuka, na aliniuliza kama nimewahi kutaka kujiua. Hilo la mwisho aliliuliza bila kupindapinda, akangoja jibu. Baadaye nilielewa kwa nini. Mtu aliye hatarini sasa hivi, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anahitaji kwanza uangalizi wa karibu na mara nyingi dawa. Kumlaza chali umfukulie ya zamani wakati huo ni kumwongezea mzigo.

Nami nilimwuliza amesomea wapi, na kama naye aliwahi kutibiwa hivi, akilala kwenye kochi la mtaalamu mwingine. Muulize wako swali hilo, si utovu wa adabu. Chama cha kimataifa cha taaluma hii kilianzishwa mwaka 1910, na mafunzo yanayofuata utaratibu wake yanamtaka kila mwanafunzi naye achanganuliwe, na wagonjwa wake wa mwanzo awatibu chini ya usimamizi wa mwenye uzoefu. Alinijibu kwa ufupi, bila kinyongo. Mtu akichukia kuulizwa hivyo, mimi ningetafuta mwingine.

Kisha masharti. Siku na saa hazibadiliki ovyo. Kipindi ni dakika 50, nikichelewa 20 ninapata 30. Likizo zake nitaambiwa miezi kabla. Nisipotokea, nalipa. Sharti hili la mwisho lilinikaa kooni, nalo nikalimeza.

Kanuni ya mgonjwa ni moja tu: sema linalokuja, lolote, hata kama ni la aibu, hata kama halihusiani, hata kama linamhusu mtaalamu mwenyewe. Mwaka 1913 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, Austria, aliyeiasisi tiba hii, aliwapa wenzake mfano wa kumweleza mgonjwa jambo hili: awe kama abiria aliyekaa dirishani ndani ya treni, anamsimulia aliyekaa mbali na dirisha yale yanayopita nje. Ukisikia unaona ni rahisi. Ukijaribu, ndani ya dakika tano utajikuta umeshachagua nini useme na nini ukiache kipite.

Mimi nilichagua kila kitu. Njiani nilikuwa napanga: leo nitaanza na mkuu wangu wa kazi, halafu ndoto ya juzi, halafu niulize lile. Mwaka wa kwanza mzima sikuchelewa hata mara moja. Nililipa kabla ya kudaiwa. Ndoto zangu niliziandika alfajiri na kuzisimulia zikiwa na mwanzo na mwisho. Siku moja, baada ya simulizi yangu nzuri, akasema, "Unaniletea vitu vilivyokwisha kuoshwa."

Sikuelewa ana maana gani. Nilidhani ananisifu.

Mwaka wa pili tuliongeza siku ya tatu, Jumatatu, nami nikatoka kwenye kiti nikahamia kwenye kochi. Freud aliwaona wagonjwa wake siku sita kwa wiki. Siku hizi tiba kamili huwa mara tatu hadi tano, na ile ya mara moja au mbili, mkiwa mnatazamana, ni tawi lake lenye kina cha aina yake. Kochi lake Freud alipewa zawadi na mgonjwa karibu mwaka 1890. Alihama nalo kwenda London mwaka 1938 alipowakimbia Wanazi, na liko hadi leo katika nyumba aliyofia mwaka uliofuata. Sababu mojawapo ya kukaa nyuma ya mgonjwa aliitaja waziwazi: hakuweza kuvumilia kukodolewa macho saa nane kwa siku. Nilipoisoma sababu hiyo nilimpenda kidogo.

Kwa upande wangu, kulala kulininyang'anya uso wake. Sikuwa nimejua ni kazi kubwa kiasi gani nilikuwa naifanya kwa macho: naangalia kama amechoka, kama nimemuudhi, kama nilichosema kimempendeza, halafu naendelea kulingana na nilichokiona. Sasa nilikuwa natazama dari. Wiki za kwanza nilipata kizunguzungu halisi, nikishika ukingo wa kochi kama mtu aliye kwenye mashua. Kuna siku tulikaa kimya dakika 22. Nilizihesabu kwenye saa ya mkononi niliyokuwa nimeiinua mbele ya uso wangu, naye hakuniokoa. Kimya kile kilikuwa kinaniuma kimwili, na nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba nilikuwa nakilinda mimi. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, kwamba nilimwona amepunguza uzito na naogopa anaumwa, na nilikuwa nalikalia.

Sasa nifike kwenye kitambaa.

Kichwani mwa kochi kulikuwa na mto, na juu ya mto kitambaa cheupe ambacho hubadilishwa kwa kila mgonjwa. Asubuhi moja ya mwaka wa tatu hakikuwa kimebadilishwa. Nilipoinama kulala niliona katikati yake mbonyeo wa kichwa cha mtu, mkunjo mmoja ukikatiza kutoka kona hadi kona, na unywele mmoja mrefu. Niliutoa ule unywele, nikakinyoosha kitambaa kwa kiganja, nikalala, nikaanza kuzungumzia kazi.

Akaniacha niongee kama dakika kumi. Kisha: "Umefanya kitu kabla ya kulala."

"Aa, kitambaa kilikuwa kimejikunja. Hakuna shida."

"Sikukibadilisha. Hilo ni kosa langu." Akanyamaza. "Nawe umenitandikia."

Nikacheka. Nikasema ni kitambaa tu. Nikarudi kwenye habari za kazi.

Alhamisi ile nilipitiwa na usingizi, mimi ambaye silali. Niliamka saa nne. Jumatatu nikaikumbuka saa yangu nikiwa nimeshafika upande mwingine kabisa wa mji. Jumanne nikaenda, nikaomba radhi, nikalipa vipindi vyote viwili hapohapo kwa bahasha niliyoiandaa. Akasema labda nilikuwa nimekasirika kuhusu kitambaa. Na hapo sauti ikanitoka ambayo sikuijua. Nilimwambia hawezi kunifanya niwe mtu wa kukasirikia kitambaa, kwamba nina kazi, nina maisha, nalipa hata nisipokuja, naja hapa kwenye giza la asubuhi miaka mitatu, na yeye hawezi hata kubadilisha kipande cha nguo kabla sijaingia. Nilikuwa nimeinuka nimekaa. Nilikuwa nalia.

Kisha nikasema, "Samahani, mama."

Akauliza, "Mama yupi?"

Katika lugha yetu kila mwanamke wa umri wake ni mama. Nilikuwa nimemwita hivyo tangu siku ya kwanza na mtu yeyote angepita hapo bila kugeuka. Lakini swali lile lilinisimamisha. Nililala tena, na tulibaki pale hadi muda ukaisha, na sikumbuki kama nilisema neno jingine.

Nilikuwa na miaka sita mdogo wangu alipozaliwa na tatizo la moyo. Mama alikaa naye hospitali kwa miezi, akirudi nyumbani siku mbili tatu kisha anaondoka tena. Mimi nilikaa kwa shangazi. Watu wazima walikuwa wananiinamia na kuniuliza, "Unaendeleaje?" nami nasema, "Hakuna shida." Walinisifu. Walisema mtoto huyu ana akili ya mtu mzima. Mama naye, siku alizokuwa nyumbani, alinikumbatia na kusema asante kwa kutomsumbua. Kitanda changu ndicho alicholazwa mdogo wangu aliporudishwa, kwa kuwa kilikuwa karibu na mlango wa chumba cha wazazi. Nililitandika mwenyewe shuka lake.

Naomba hapa nieleweke vizuri, kwa sababu ndipo ulipo moyo wa tiba hii. Sikuigundua habari hiyo kwenye kochi. Nilikuwa naijua siku zote. Nilimsimulia mwezi wa kwanza kabisa, kwa dakika tatu, kama mtu anayesoma taarifa ya habari, na nikamalizia kwamba mdogo wangu alifanyiwa upasuaji, akapona, na sasa ni mtu mzima mwenye afya. Kuijua hakukunisaidia chochote. Kilichokuja kunisaidia ni kuikuta pale chumbani ikitendeka upya, kati yangu na mtu aliye hai: ninayemtegemea amemlaza mwingine mahali pangu, nami nanyoosha kitambaa ili yeye asisumbuke, halafu napotea bila kuaga. Ndivyo nilivyokuwa nimewafanyia wale watu watatu. Sikuwahi kugombana nao. Nilikuwa nanyoosha kitambaa, kisha sipo.

Wataalamu wanaliita jambo hili uhamisho: hisia za zamani zinahamia kwa mtu wa sasa. Usiyoweza kuyakumbuka kwa moyo, unayatenda. Freud mwenyewe lilimponyoka mapema. Mwisho wa mwaka 1900 msichana wa miaka 18 aliiacha tiba ghafla baada ya wiki 11, na katika kisa alichokichapisha mwaka 1905 alikiri kwamba hakuuona uhamisho kwa wakati. Kama mtaalamu wangu angenisamehe zile siku mbili kwa ukarimu, akasema hakuna shida, nadhani nami ningekuwa nimeondoka kufikia mwaka mpya, tena nikimshukuru.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Yaliharibika. Kwa karibu mwaka mmoja nilikuwa katika hali mbaya kuliko niliyokuja nayo. Kitu nilichokuwa nimekifunika kwa miaka 30 kilikuwa wazi, na sikuwa na kingine cha kukifunikia. Nilikuwa nalia kazini. Nilikuwa namchukia mtaalamu wangu Jumatatu na kumkosa vibaya Ijumaa. Likizo yake ya wiki nne ilinitesa kama njaa, na nilipoambiwa na daktari wa magonjwa ya akili kwamba nina sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, nilianza dawa, nikazitumia miezi kumi. Mtaalamu wangu hakupinga. Dawa zilinipa sakafu ya kusimamia, na mazungumzo yakaendelea juu ya sakafu hiyo.

Shangazi, yuleyule aliyenilea ile miezi, alinitazama siku moja akaniambia, "Mwanangu, miaka mitatu sasa, na unaonekana vibaya kuliko ulivyoanza. Huyo mama anakutibu au anakumaliza?"

Lilikuwa swali la haki na sikuwa na jibu, kwa hiyo nikatafuta. Nilikuta utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015. Watu 129 wenye sonona sugu, ambao angalau tiba mbili zilishawashinda, waligawanywa makundi mawili: wengine waliendelea na matibabu ya kawaida peke yake, wengine wakaongezewa tiba ya aina hii mara moja kwa wiki kwa miezi 18. Tiba ilipokwisha, tofauti haikuwa kubwa. Walipopimwa tena miaka miwili baada ya tiba kumalizika, asilimia 44 ya waliopata tiba hawakuwa tena na vigezo vya sonona kali, na katika kundi la matibabu ya kawaida peke yake ni asilimia 10. Waliopona kabisa walikuwa wachache pande zote mbili. Nilimsomea shangazi namba hizo, na zaidi ya zote nilishikilia hilo la miaka miwili baadaye. Kuna kazi ambayo haionekani wakati unaifanya. Yeye aliguna. Hakuridhika sana, wala mimi.

Aliyenifariji zaidi alikuwa mgonjwa wa kwanza wa tiba hii. Jina "tiba ya mazungumzo" halikubuniwa na daktari yeyote. Lilibuniwa na Bertha Pappenheim wa Vienna, aliyetibiwa na daktari Josef Breuer, mwenzake Freud, kati ya 1880 na 1882, alipokuwa na miaka ishirini na kidogo. Alimuuguza baba yake mgonjwa hadi mwili wake mwenyewe ukamgomea, ukapooza sehemu sehemu, na kwa muda Kijerumani, lugha yake ya kuzaliwa, kikampotea akawa anaongea Kiingereza tu. Kwa Kiingereza hicho ndipo alipoipa tiba yake jina. Breuer na Freud walipokichapisha kisa chake mwaka 1895, msomaji angedhani aliinuka akaenda zake. Hakuinuka hivyo. Baada ya 1882 alilazwa tena, zaidi ya mara moja. Na mwanamke huyohuyo, mwaka 1904, alianzisha shirikisho la wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani akaliongoza kwa miaka mingi. Usiku wa mwaka wangu wa nne nilikuwa namwaza sana msichana huyu aliyekesha kando ya kitanda cha baba bila kulalamika, hadi lugha ikamkimbia.

Mabadiliko yalipokuja hayakuja chumbani. Niliyakuta nje, tena kwenye vitu vidogo. Kazini niliombwa nishike zamu ya mwenzangu kwa mara ya tatu mwezi uleule. Nikasema, "Hapana, safari hii siwezi." Mkuu wangu akasema sawa, akageukia mambo yake. Nilikwenda chooni nikajifungia, mikono inatetemeka, nikikaa kusubiri kitu kibaya kitokee. Hakikutokea. Wiki iliyofuata nilimsimulia mtaalamu wangu, na nilisikia kwa sauti yake kwamba anatabasamu, ingawa sikumwona.

Baadaye nilimpigia mdogo wangu simu nikamwambia kwamba nilipokuwa na miaka sita nilitamani afe. Nilikuwa nimelibeba hilo kama mtu aliyebeba kaa la moto mkononi. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nadhani hunipendi mpaka leo. Unakuwa mpole sana kwangu." Hatujawa marafiki wakubwa tangu hapo. Lakini sasa tunagombana, na kabla ya hapo hatukuwahi kugombana maisha yetu yote.

Usingizi ulirudi bila kupiga hodi. Siku moja niligundua tu kwamba sikumbuki mara ya mwisho kuiona saa tisa usiku.

Kuna mambo nisingependa uyakute njiani bila kuambiwa. Tiba hii ni ghali, kwa sababu ya wingi wa vipindi, na kabla ya kuanza piga hesabu ya miaka, si ya mwezi. Vyuo vingi vinavyofundisha wataalamu huwa na kliniki za bei nafuu, ambako anayekutibu yuko mafunzoni chini ya usimamizi. Utaratibu huo si mgeni: kliniki ya Berlin ilifunguliwa mwaka 1920, na wasio na uwezo walitibiwa bila malipo. Mtaalamu akikugusa kimapenzi, akikuomba fedha za ziada, au akitaka urafiki wa nje, hiyo si tiba, haijawahi kuwa tiba, na nadharia yoyote atakayokupa kuhalalisha ni uongo. Ondoka, umshtaki kwa chama chake. Kama unachougua ni hofu ya kitu kimoja mahususi, kama kupanda ndege, au mawazo yanayokulazimisha kunawa mikono mara mia, zipo tiba fupi zilizopangwa kwa ajili hiyo hasa. Anza nazo. Na usifanye uamuzi mkubwa wa ndoa au kazi katika mwezi ambao kila kitu kinavuja. Mimi nilikaribia kuacha kazi mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza tu, "Unaniacha mimi au unaiacha kazi?"

Usitegemee kupona kama mtu aliyetolewa jino. Mwaka 1895 Freud aliandika kwamba ni faida kubwa kama tiba itaigeuza taabu ya ugonjwa kuwa huzuni ya kawaida ya maisha. Nilipoisoma mwanzoni nilikata tamaa. Sasa naona ni ahadi kubwa sana, kwa sababu huzuni ya kawaida inakuja ikiwa na sababu yake mkononi, na inaondoka.

Kumaliza nako ni sehemu ya tiba. Mimi ndiye niliyelianzisha, mwaka wa tano, na tuliweka tarehe miezi saba mbele. Nilidhani tutatumia miezi hiyo kuagana kwa amani. Badala yake kifua kikaanza kubana tena, nikaanza kuwahi na kulipa mapema, nikaanza kuosha vitu kabla ya kuvileta. Nilisema nimekosea, siko tayari, tusogeze tarehe. Hakukubali wala hakukataa. Aliniuliza kama nataka kubaki, au nataka asikie kwamba kuondoka kunaniuma. Nikamwambia inaniuma, na kwamba inaniuma zaidi kuona yeye anaweza kuniruhusu niende, na kwamba saa mbili zangu atampa mtu mwingine alale pale. Akasema, "Ndiyo. Atalala mtu mwingine." Hakuongeza cha kunituliza. Tarehe haikusogea.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi na ilikuwa na dakika 50 kama nyingine zote. Nilimwambia nitamkosa. Alisema naye atanikumbuka. Mlangoni tulipeana mikono, jambo ambalo tulilifanya mara ya kwanza tulipokutana na hatukulirudia katikati.

Jumatatu nilikuwa na shughuli, ikapita. Jumanne niliamka kwa saa yangu ileile, nikaoga, nikavaa, nikachukua funguo, na nilikuwa nimeshafungua mlango nilipokumbuka. Nilisimama pale mlango ukiwa wazi nikalia, na jirani aliyekuwa anapita akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mtu nimeagana naye na inaniuma. Akasema pole. Nikasema asante.